Pumzi za Mafundi

Mama Plagi, fundi wa injini gerejini, alikuwa ameshanawa mikono. Jua limezama, mkate haujanunuliwa, na mumewe, mpiga rangi wa gereji hiyohiyo, bado anaubembeleza mlango wa gari la watu kana kwamba atauoa yeye. Ndipo likaingia gari jeusi, taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, moshi unafuka, injini inakwamakwama.

Biashara haigombi. Akavaa ovaroli tena.

"Shikamoo, mama," alimwamkia mwenye gari, bibi mwembamba mwenye mtandio mweupe, aliyeketi kwenye usukani.

Shikamoo haikuitikiwa.

"Usilizime," bibi alisema tu, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Haya. Wapo wateja wanaoona kama salamu italipiwa kodi. Mama Plagi akafungua boneti, akachomeka mashine ya kupimia. Mashine ikasema kosa liko kwenye sakiti ya sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuiarifu kompyuta ya gari kama petroli imezidi au hewa imezidi. Fundi mvivu hapo angekwambia leta sensa mpya, basi. Mama Plagi si wa hivyo. Alipima fyuzi, nzima. Akazifuata nyaya kwa tochi, nzima. Akaichomoa soketi ya sensa, na hapo pua yake ikanasa harufu. Si petroli, si moshi. Udongo mbichi, ule wa shimo lililochimbwa leo.

Akajikaza kisabuni.

Sasa, mafundi wana ujanja wao. Ukitaka kujua kama mbovu ni sensa yenyewe au ni waya unaokwenda kwenye kompyuta, unaishika ncha ya waya kwa mkono mmoja, na kidole cha mkono wa pili unagusa chanya ya betri. Umeme unaopita mwilini ni mdogo, hata huusikii, ila kompyuta inadanganyika, inadhani petroli imezidi, inapunguza. Injini ikibadili mlio, ujue waya ni mzima, mwenye kosa ni sensa. Mama Plagi ameufanya ujanja huo mara nyingi kuliko alivyopika.

Akaishika ncha ya waya.

Kabla hajaigusa betri, injini ikatulia.

Ikanguruma laini, bila kukwama. Kwenye kioo cha mashine mstari ulikuwa unapanda taratibu... unashuka... unapanda. Aliutazama mpaka akautambua. Akabana pumzi.

Mstari ukasimama. Injini ikakohoa, ikataka kufa.

Akavuta hewa. Injini ikapona.

Aliogopa, tena sana, na tusimcheke. Akauachia waya upesi. Waya ukaning'inia, haujashikwa na mtu wala kitu. Mstari ukaendelea kupanda na kushuka pamoja na kifua chake.

"Mama," alinong'ona, "gari lako lina nini?"

Bibi hakugeuka. "Fundi wa kwanza naye alishika," alijibu. "Alinifikisha hapa tu."

Akakanyaga mafuta kidogo, kujaribu.

Mama Plagi alihisi hewa inachotwa kifuani mwake. Alitaka kumwita mumewe, sauti haikutoka. Mumewe alimwona tu anateleza ubavuni mwa gari, mdomo wazi, waya umemlalia begani. Akadhani ni umeme. Akatupa bomba la rangi, akaja mbio. Mkewe alitikisa kichwa: usiguse, usiguse. Lakini mwanamume akiona mkewe anakata roho hasomi ishara. Aliunyakua ule waya kwa mkono mtupu.

Mama Plagi akapata nusu ya pumzi yake.

Nusu tu.

Kwenye kioo cha mashine sasa ilikuwapo mistari miwili.

"Wawili," bibi alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kufurahi. "Sasa nitafika."

Boneti ikajifunga. Gari likarudi nyuma, likaondoka na mashine ya kupimia, mali ya watu, na bibi hakusema anakokwenda.

Daktari aliwasikiliza vifua, akasema havina kitu. Lakini kuna saa wameketi tu, hawajanyanyua hata ndoo, wote wawili wanaanza kuhema kwa pamoja, jasho linawatoka, na wanajua kwamba huko lilipo, gari linapanda mlima. Halafu linateremka, wanapata nafuu, wanaendelea na kazi. Wateja wanadhani ni vumbi la rangi.

Jambo moja tu wanabishania. Mume anaomba bibi afike, awaachie. Mke anaomba asifike kamwe, maana gari likifika huzimwa.

"Mwenzetu wa kwanza hakuachiwa," mke humwambia.

"Yule hakumfikisha. Sisi tunamfikisha."

Nani ana haki? Mimi simo.

Leo mchana, wakila, vifua vyao vilianza kwenda polepole, polepole kuliko vya mtu aliyelala, kama gari lililotolewa gia likingoja breki ya mkono. Mume akaweka kijiko chini. Macho yake yalijaa machozi ya furaha.

"Amefika, mke wangu."

Mama Plagi akamshika mkono kwa nguvu. Hewa ilikuwa bado inaingia, kidogo... kidogo...