Rangi ya Njano Kwenye Kucha

— Hiyo njano kwenye kucha zako umeitoa wapi?

Fundi rangi aliacha kijiko, akavitazama vidole vyake kana kwamba ni vya mtu mwingine.

— Kazini.

— Si ulisema ofisi mnaipaka nyeupe tupu? Ofisi gani hiyo yenye njano ya kifaranga?

— Nawe Mama Kijacho! Kula, chakula kinapoa.

Mama Kijacho ndilo jina alilompa mkewe tangu tumbo lianze kuonekana. Yeye mwenyewe mtaa mzima unamwita Brashi. Anapaka nyumba za watu mpaka wapita njia wanasimama kutazama, lakini chumba cha mtoto wake kilikuwa simenti tupu, na mimba ilishaingia mwezi wa nane. Mkewe ni fundi cherehani. Pazia, mashuka na kimto alishamaliza kitambo, vimekaa kwenye kapu vinasubiri ukuta. Kila akimkumbusha mumewe, jibu ni "tutaona", kisha huyo anavaa viatu na kutoka. Hata mlango wa chumba kile alikuwa hapendi kuufungua.

Brashi alipoingia bafuni, simu yake ikalia mezani. Meseji ilitoka kwa mtu aliyeandikwa "Mama Miche".

"Fundi, chumba cha mtoto kimependeza mno! Huyo twiga nimemwona nikacheka peke yangu. Kesho njoo umalizie kabla mkeo hajajua."

Mama Kijacho akaisoma mara mbili. Sisemi wivu ni kitu kizuri, jamani, lakini wewe ungeisoma hiyo ukaendelea kutoa vyombo? Alikwenda uani, akampigia dada yake.

— Dada, nimekwisha. Brashi ana mtoto nje.

— Nani kakwambia?

— Nimesoma kwa macho yangu! Chumba cha mwanangu hataki hata kukiangalia, kumbe anampambia mwenzangu!

— Nyamaza kulia. Na usimwulize kitu, atakuzungusha. Kesho akitoka, sisi tuko nyuma yake.

Asubuhi wakamfuata. Brashi hakwenda ofisi yoyote. Alikata kona, akaingia mahali panapouzwa miche ya maua na matunda, kwenye banda kubwa lenye paa na nguzo tu, halina kuta. Mara kikasikika kicheko cha mwanamke.

— Umemsikia? dada mtu akanong'ona. Ingia!

Mama Kijacho akaingia. Mbele yake kulikuwa na mbao pana za playwudi zimesimamishwa kwa mstari, zote njano, zina mawingu meupe na twiga mwenye shingo ndefu ya kuchekesha. Brashi alikuwa amepiga magoti, anamchora twiga kope. Pembeni yake kopo la bluu lilikuwa wazi. Mama Kijacho hakusalimia mtu. Alilinyakua.

— Mke wangu! Unafanya n...

Bluu ikaruka. Ikampata twiga miguuni na kutiririka mpaka chini.

— Mwanao wa nje akalale humo sasa! Mimi nakaa na simenti, huku unachora twiga! Yuko wapi huyo mwanamke?

— Ni mimi, mwanangu.

Aliyejibu alikuwa mama mtu mzima, nywele nyeupe pe, ndoo ya kumwagilia mkononi.

— Mama Miche ndiye mimi. Kama unanidhania mimba, niambie mapema nikawashtue wajukuu zangu.

Hakuna aliyecheka. Mama Kijacho alikuwa ameshaona ubao wa mwisho. Ulikuwa umekatwa tundu la dirisha, chini mno, limebanwa kwenye kona. Dirisha la namna hiyo alikuwa analijua moja tu. Aliyejenga nyumba yao aliliweka upogo mpaka wageni wanalicheka. Na juu ya tundu hilo palibanwa kipande cha kitambaa cha pazia lake, kile alichokitafuta chumba kizima akaishia kuwalaumu panya.

— Hili dirisha ni letu, alisema taratibu.

— Ni letu, Brashi akajibu bila kuinua uso.

Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawaka. Alitamani kulirudisha kopo lile mahali pake na kutoka kinyumenyume. Akamtafuta dada yake kwa macho. Dada mtu alikuwa ameinamia miche, anapapasa majani.

— Nawe mwanangu, nikufungie mche gani? Mama Miche akamwuliza.

— Nilikuwa naangalia tu, mama.

Akaondoka zake. Huyo ndiye aliyesema ingia. Mama Miche naye akabeba ndoo yake, akawapisha.

— Kwa nini hukuniambia? Mama Kijacho akauliza. Kwa nini hukupaka nyumbani?

Brashi alijifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena hata ilipokuwa haina rangi.

— Mara ya kwanza nilipaka nyumbani.

Mimba yao ya kwanza ilikuwa imetoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuitaja.

— Nilipaka rangi ya mafuta, wewe umelala chumba cha pili, Brashi akaendelea. Harufu ilijaa nyumba nzima. Wiki ileile mimba ikatoka. Nikakwangua ukuta wote nikarudisha simenti. Ni mimi niliyemuua mtoto wetu. Ningekutazama usoni nikuambieje? Ndiyo maana safari hii napaka mbao, tena nazipaka hapa kwenye upepo. Harufu ikiisha kabisa, nizilete nizipigilie ukutani, wewe uingie ukute chumba.

— Siku ile daktari alisema nini?

— Sikuingia kwake. Niliona aibu. Nilibaki nje.

— Mimi niliingia. Nikamwuliza kuhusu ile rangi. Akasema si rangi, mimba haikukaa vizuri tangu mwanzo. Akasema hakuna aliyekosea.

Brashi akainua uso.

— Hukuniambia.

— Nilirudi nikakukuta unakwangua ukuta kwa hasira. Nikajua umenikasirikia mimi, niliyeshindwa kukubebea mtoto. Nikaona aibu hata kuongea.

Brashi aliketi juu ya ndoo tupu, akalia kama hajawahi kulia. Kupiga magoti mkewe asingeweza, tumbo lilikataa. Akamvuta kichwa akakilaza tumboni, na mikono yake ikamchafua nywele kwa bluu.

— Nisamehe, mume wangu. Nimekudhania uchafu, tena mbele ya mzazi wa watu.

— Nami nisamehe. Nilikuficha.

— Usinisamehe haraka hivyo. Angalia kwanza nilichofanya.

Mtoto alipozaliwa, wa kike, mbao zilikuwa ukutani na pazia dirishani. Mama mkwe akaja kumwona mjukuu, akazunguka chumba na mtoto mikononi.

— Twiga mzuri! Na hii bluu miguuni kwake?

— Ziwa hilo, mama, Brashi akadakia. Twiga anakunywa maji.

Na kweli alishaizungushia nyasi kotekote, ungeapa ni ziwa. Mama Kijacho angeweza kuliacha liitwe ziwa. Akainamisha macho.

— Si ziwa, mama. Ni mimi. Nilidhani mwanao ana mwanamke, nikamwaga rangi kabla ya kuuliza.

Mama mkwe alimtazama mkwewe, kisha mwanawe.

— Nawe ulimpa sababu ya kudhani?

— Nilimficha mambo, mama.

— Basi gawaneni hiyo aibu, asiibebe mmoja peke yake.

Akamrudisha mtoto kitandani, akatoka.

— Kwa nini umesema? Nilishakufunikia, Brashi akanong'ona.

— Tumefunikiana vya kutosha.

— Na huyu? Akikua akiuliza?

Mama Kijacho aliitazama ile bluu, masikio yakawaka tena.

— Wewe mwambie ni ziwa, alisema. Nikipata ujasiri, nitamwambia mwenyewe.