Chujio la Jirani

Mafundi wa karakana ya kuchomelea mageti walikuwa na mchezo wao. Chai ikitoka jikoni inatokota, walishindana nani ataimaliza kwanza. Kila siku mshindi alikuwa Baba Pacha. Wenzake wakambandika jina, Koo la Chuma, naye akatembea nalo kama medali. Hata mkewe, Mama Pacha, alilicheka. Sigara nazo hazikumtoka mumewe mdomoni.

Siku moja Baba Pacha alisema nyama inamkwama kifuani. Mama Pacha alikuwa mpishi hodari, naye hakutaka kushindwa na kipande cha nyama. Akaichemsha mpaka mtu asiye na meno angeila. Wiki chache baadaye mkate nao ukakwama, akaulowesha. Mwisho akaviacha vyote, akapika uji. Mumewe alikula bila kulalamika, nyumba ikatulia. Lakini mkanda wa suruali ulikuwa umehamia tundu la tatu. Mama Pacha aliliona hilo, akaogopa kuuliza.

Asubuhi moja hata uji ukagoma kushuka. Mama Pacha akaenda kwa jirani yake, muuguzi wa zahanati, kuazima chujio.

"Unamchujia mtoto gani, dada? Pacha wako si wameshaota ndevu?"

"Mtoto wangu ana miaka hamsini na mbili."

Wakacheka. Muuguzi ndiye aliyenyamaza kwanza. Akamketisha, akamuuliza ni chakula gani kilianza kukwama, kipi kikafuata, na mgonjwa amekonda kiasi gani. Kila jibu lilimzidishia Mama Pacha hofu.

"Siwezi kukuambia ni nini, maana hajapimwa," muuguzi alisema. "Lakini vigumu kwanza, halafu laini, halafu uji, na mwili unapungua? Hiyo ni dalili ya hatari. Huenda ni saratani ya umio, ule mrija unaoshusha chakula tumboni. Uvimbe huota ndani, njia ikaziba kidogo kidogo. Wewe unalainisha chakula, wenyewe unazidi kukua."

Akaeleza kwamba sigara, pombe na vinywaji vya moto sana huongeza hatari. Ugonjwa hauambukizi, na ukigunduliwa mapema matibabu huwa na nafasi nzuri zaidi.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, dada. Mpeleke hospitali leo. Chujio sikupi."

Baba Pacha alikataa katakata. Alidai ni vidonda vya tumbo tu. Mkewe akamwambia hawashi jiko mpaka akapimwe, na akaweka sufuria zote uvunguni. Wakaenda.

Daktari aliuliza tatizo lina muda gani.

"Wiki moja hivi," Baba Pacha alijibu, macho darini.

"Miezi mitatu," Mama Pacha alisema. "Mimi ndiye niliyemsaidia kuficha. Nilidhani namhurumia."

Mrija mwembamba wenye kamera ukapitishwa kooni, kinyama kidogo kikachukuliwa kwenda kupimwa. Walingoja majibu siku kumi. Siku hizo Mama Pacha alitia chumvi mara mbili kwenye kila kitu, na simu ikilia aliikimbilia. Majibu yakaja: ni saratani, ila haijasambaa. Angepewa dawa na mionzi, kisha upasuaji. Wakalia pale pale kwenye benchi, kwa woga na kwa shukrani.

Matibabu yalikuwa marefu na ya kuchosha. Mwaka ulipopita, Baba Pacha alikula kidogo kidogo mara sita kwa siku. Sigara aliacha, na chai aliingoja ipoe, wenzake wacheke wasicheke. Bado alirudi kupimwa kila alipopangiwa, na kila mara mkewe alishindwa kula mpaka majibu yatoke.

Siku moja alirejea nyumbani mchana kweupe. Mama Pacha akashtuka, akamuuliza kama amezidiwa.

"Mimi mzima. Nimempeleka mwenzangu wa karakana hospitali. Chakula kilianza kumkwama juzi." Akaketi, akamtazama mkewe. "Juzi tu, Mama Pacha. Sisi tulingoja miezi mitatu."