Upande wa Pili wa Mti

Kila Jumamosi ya mwezi wa nne, Vlasta aliamshwa na kikohozi cha babu yake. Mzee Otakar hakuwa mtu wa kugonga milango. Alisimama ukumbini akakohoa, akakohoa tena, mpaka mjukuu wake akubali kwamba usingizi umekwisha.

"Nimeamka, babu! Nimeamka!"

"Aliyeamka ana viatu miguuni," alijibu mzee.

Vlasta alikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzake darasani walilala Jumamosi mpaka njaa iwatoe kitandani. Yeye alipakia begi: makopo mawili ya rangi, brashi mbili, kikwanguo, mkate na soseji, matango ya siki na chupa ya chai. Babu yake alikuwa mtia alama wa chama cha watembezi wa Podhradov, mji mdogo ulio chini ya ngome kongwe, kando ya mto Sázava. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akipaka mistari mitatu, mweupe, mwekundu na mweupe, kwenye miti ya njia itokayo kituo kidogo cha treni cha Lhota hadi ngomeni. Watu walishuka kwenye treni wakaifuata alama hiyo bila ramani na bila kuuliza mtu. Gari babu hakuwa nalo, wala hakulitaka. "Mwenye gari hauoni mti mpaka augonge," alikuwa akisema.

Kazi ile ilikuwa na sheria moja ya kuchosha. Njia ilipakwa mara mbili. Kwanza walipanda kutoka Lhota wakipaka upande wa mti unaomtazama anayepanda. Kisha walirudi njia ile ile wakipaka upande wa pili, kwa ajili ya anayeshuka. Kilomita tisa za watu wengine, kwao zilikuwa kumi na nane.

Siku hiyo walifika ngomeni saa saba mchana. Kutoka ukutani Vlasta aliliona paa la nyumba yao pale chini, na moshi ukitoka jikoni, na alijua mama yake anapika supu ya viazi na uyoga. Ilimuuma kweli.

"Babu, tushuke tule kidogo tu, halafu tuendelee."

"Ukikaa karibu na sufuria ya mama yako huinuki tena. Nakujua. Twende."

Wakageuza. Asubuhi walipopita walikuwa wamekwangua alama zote kuukuu, mbele na nyuma, kwa hiyo kila mti sasa ulingoja rangi mpya. Pangusa, paka mweupe, paka mwekundu, paka mweupe. Walipofika kwenye kinu cha zamani cha kusagia nafaka, babu alikaa juu ya jiwe na kulishika goti lake.

"Limegoma," alisema. "Vlasta, imebaki kilomita moja na nusu. Mimi nitapita barabara ya mtoni, ni tambarare. Wewe malizia msituni. Pale machimboni kuna miti mitano, na kwenye njia panda weka mshale. Tukutane kituoni."

Siku nyingine Vlasta angeruka kwa furaha, maana hakuwahi kuachiwa brashi peke yake. Siku hiyo aliipokea kimya, akaenda. Alipaka mti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Malengelenge ya kisigino yalikuwa yamepasuka na soksi imegandamana na ngozi. Mvua ya rasharasha ikaanza. Alipofika njia panda ya machimbo ya mawe, ambapo njia ya kulia inashuka kituoni na ya kushoto inaishia kwenye mashimo, aliitazama ile miti mitano, akatazama na saa. Treni ya kurudi Podhradov ilikuwa inakuja baada ya dakika ishirini. Inayofuata ingekuja baada ya saa moja na nusu.

"Nani anashukia huku?" alijiambia. "Kila mtu anapanda."

Alijua si kweli. Akafunga kopo, akakata kwa njia ya mkato na kushuka kituoni.

"Umemaliza?" aliuliza babu.

"Nimemaliza."

"Na machimboni? Mshale umeweka?"

"Nimeweka, babu."

"Sasa wewe ni mtia alama." Mzee akatoa fomu ya chama mfukoni, akaandika kwamba njia imekamilika pande zote mbili, akatia saini yake. Vlasta aliutazama mkono ule ukiandika, akataka kusema neno. Lakini treni ikaingia, na kwenye kiti cha joto usingizi ukamchukua.

Wiki mbili baadaye ilikuwa Siku ya Kutembea. Siku hiyo magari hayaingii Podhradov, na watu mia mbili au zaidi huja kwa treni mpaka Lhota, hupanda hadi ngomeni kugongewa muhuri kwenye kadi, kisha hurudi kwa njia ile ile. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, lakini watembezi wa kule hawaogopi mvua. Vlasta alikaa uani mwa ngome akigonga mihuri. Saa tisa alasiri binamu yake Radim alifika mbio, matope mpaka magotini.

"Umesikia? Bi Zdenka alipotea machimboni! Alikaa shimoni saa mbili, mkono umevunjika, ndipo wakamkuta na kumleta hapa kwa treni."

"Bi Zdenka yupi?" aliuliza Vlasta, ingawa alimjua. Alikuwa mkutubi wa zamani, mwenye miaka sabini na moja.

"Zdenka wangapi unawajua? Ile miti ina alama mbele tu, nyuma mitupu kama kipara cha mwalimu wetu wa hesabu. Watu wanasema babu haoni tena. Wako naye ndani sasa hivi, wanamnyang'anya brashi."

Vlasta aliuacha muhuri mezani.

Katika chumba cha mlinzi wa lango, Bwana Hruška, mwenyekiti wa chama, alikuwa ameshika ile fomu. Bi Zdenka alikaa karibu na jiko, mkono umefungwa kwa skafu, akingoja daktari na kunywa supu ya kitunguu saumu kwa mkono mmoja. Babu alisimama, kofia mkononi.

"Otakar, hii ni saini yako?"

"Ni yangu."

"Na miti ya machimboni, ulipaka wewe mwenyewe?"

Mzee alimwona Vlasta mlangoni. Alimtazama mara moja tu, na Vlasta akajua kwamba babu yake ameshaelewa kila kitu.

"Saini ni yangu," alirudia babu. "Basi kosa ni langu. Labda macho yamechoka kweli. Wapeni vijana kazi hii."

Akaitoa brashi kwenye mfuko wa koti, akaiweka juu ya meza. Miaka thelathini na minane iliwekwa pale. Vlasta angenyamaza, mambo yangepita, na babu asingemtaja kamwe. Hilo ndilo lililomshinda.

"Ni mimi," alisema. "Babu aliniachia miti ile. Nilichoka, nikaiacha, nikamwambia nimepaka. Macho yake hayana kosa."

"Ulichoka!" alifoka Bwana Hruška. "Na mama huyu je?"

"Nami nimechoka," alisema Bi Zdenka bila kuinua uso kwenye bakuli, "lakini mnaweza kugombana baadaye. Kuna watu wangapi ambao hawajashuka?"

Bwana Hruška alihesabu kadi ambazo wenyewe walikuwa bado hawajazichukua. Watu arobaini na watatu walikuwa bado juu, na wote wangepita pale machimboni kwenda Lhota.

"Nitakwenda kupaka sasa hivi," alisema Vlasta.

"Rangi haishiki kwenye gome lililoloa," alisema babu. Akavaa kofia yake. "Itabidi tukawe alama sisi wenyewe."

Wakateremka mjini, wakapanda treni mpaka Lhota, kisha wakaingia msituni, mzee akichechemea. Kwenye njia panda Vlasta alisimama chini ya mti mtupu, mkono ameunyoosha kulia, na babu akakaa hatua chache nyuma yake. Watembezi walikuja wawili wawili, watatu watatu, vichwa vimefunikwa, wakawaamkia kama ilivyo desturi ya watu wa njiani. Kwa kila mmoja alisema, "Huku kulia, tafadhali. Kushoto kuna mashimo." Wengine walicheka, wengine walishukuru, mmoja alimpa kipande cha keki ya mbegu za mpopi. Maji yalimpenya mpaka kwenye soksi. Alimlilia Bi Zdenka, akajililia na mwenyewe, na mvua ikamsitiri.

Walipobaki watu kumi na mmoja, ndipo babu alipozungumza.

"Mimi njia hii naijua hata nikifumba macho. Alama si yangu wala si yako, ni ya mtu tusiyemjua anayekuja kutoka upande wa pili. Yeye hawezi kutuuliza, anatuamini tu. Na sikiliza, mjukuu wangu. Kuchoka si kosa. Ungeniambia miti mitano imebaki, ningeandika miti mitano imebaki, na Hruška angeiziba njia ya mashimo kwa kamba siku ile ile. Uchovu wako haukumvunja mtu mkono. Uongo wako ndio uliomvunja."

Vlasta aliushusha mkono, akanyoosha mwingine.

"Umechoka?" aliuliza babu.

Alifikiria kusema hapana.

"Nimechoka sana, babu."

"Haya," alisema mzee, akaja kusimama kando yake na kunyoosha mkono wake mwenyewe kulia. "Kaa chini upumzike. Nitakuamsha zamu yako ikifika."