Mwiko wa Kunde

Watu wa Newala hukaa juu, maji yao hukaa chini. Kila alfajiri Mama Safari alishuka bondeni na Siti, mke wa mwanawe, kisha wakapanda mlima na mitungi kichwani. Ulikuwa mwaka wa njaa. Vita vya Maji Maji vilikwisha, na askari wa Wadachi walikuwa wamechoma maghala. Safari, mwanawe wa pekee, alikwenda vitani na hakurudi.

Mganga aliyegawa maji ya vita alikuwa ameweka mwiko. Mama wa mpiganaji asile kunde wala mboga za majani mpaka mwanawe arudi. Akila, dawa itamwacha mtoto. Mama Safari aliushika mwiko huo kwa moyo wote.

Kisha mwili wake ukageuka. Hedhi ilikoma. Joto lilimpanda ghafla kifuani na usoni, jasho likamtoka hata kwenye baridi ya asubuhi. Usingizi ulimpotea.

"Nimeukosea mwiko," alijiambia. "Mwanangu yuko hatarini."

Akaacha na dagaa. Joto likarudi, akaacha na njugu. Mwishowe alibaki na ugali wa muhogo na pilipili. Maskini, alikuwa akijimaliza mwenyewe, naye akidhani anaokoa mtu.

Siku moja miguu ilimlegea mlimani, akaanguka. Mtungi ukavunjika. Siti alimkokota hadi nyumbani, akamwita jirani yao Bi Adija, kungwi wa unyago.

"Shikamoo, Bi Adija," mgonjwa alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, Mama Safari. Joto hili limeanza lini?"

"Tangu damu ikome. Nimeukosea mwiko, bibi."

"Si mwiko, ni umri. Hata mimi lilinipata, na sina mwana aliyekwenda vitani. Damu inapoanza tunapiga ngoma, tunamcheza mwali. Inapokoma, kila mmoja anajifungia na lake."

"Sasa nifanyeje?"

"Punguza pilipili. Wengine huwaamshia joto, na pombe vilevile. Mifupa yako sasa inataka chakula kuliko zamani. Kula dagaa pamoja na mifupa yake, mboga za majani, ufuta, njugu, kunde. Nisikudanganye, chakula hakiondoi joto lote. Lakini utapata nguvu, nalo litapita."

"Kunde siwezi."

"Kwa nini?"

"Nikila, nimemzika Safari."

Bi Adija alimsogelea. Alimhurumia sana.

"Mama Safari, wote waliokwenda na maji yale walikuwa na mama zao. Na mama hao waliushika mwiko, lakini wana hawakurudi."

Mama Safari aligeukia ukutani, akalia mpaka jioni.

Siti alipopika kunde zake za kila siku, mama mkwe alinyoosha mkono.

"Nipakulie na mimi, mwanangu."

Siti alielewa. Upawa ulimponyoka, akapiga yowe, na majirani wakaja kulia nao.

Mwezi wa pili baada ya msiba Mama Safari alianza kupata usingizi. Joto bado lilimjia, ila halikumwangusha tena. Alishuka bondeni peke yake, akapanda na mtungi bila kupumzika. Ilibidi aweze, maana Siti alikuwa ndani, anamkalia Safari eda.