Orodha ya Bi Sensa

Kipaza sauti kilikata saa nne asubuhi, katikati ya soko, yule dada wa halmashauri akiwa ameshapanda juu ya benchi. "Ndugu wananchi, kuhesabiwa ni..." Kuhesabiwa ni nini, hakuna aliyesikia. Wauza nguo waliangua kicheko. Fulana yake ya njano ya kampeni ya sensa, iliyoweza kuvaliwa na watu wawili, ikazidi kumtia aibu.

"Dada, kilete hapa hicho." Fundi redio alimwita kutoka kwenye kibanda chake, mikono ya shati imekunjwa, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio.

"Utanichelewesha? Nina mitaa mitatu leo."

"Kizima hiki. Ni waya tu umechoka kukusikiliza."

"Ungekuwa wewe ungechoka?"

"Mimi? Nijaribu kwanza."

Dada akacheka kabla hajajizuia. Mapenzi mengi ya mjini huanza na upuuzi kama huo, na asikudanganye mtu.

Tangu siku hiyo fundi akamwita Bi Sensa, naye dada akamwita Fundi wangu. Mchana simu ililia.

"Bi Sensa, umewapata wangapi leo?"

"Wote, isipokuwa mmoja. Kila nikimtafuta hayupo."

"Huyo yumo moyoni mwako, mpenzi. Tazama vizuri."

"Kwenda huko!"

Fundi aliishi na mama yake ghorofa ya juu ya jengo la maduka, kwenye vyumba vilivyojengwa viwe stoo. Milango ishirini na tisa, na nyuma ya kila mlango familia. Sheria ilikataza watu kulala humo, kwa hiyo sensa iliyopita walijifungia ndani wakanyamaza kimya mpaka makarani wakaondoka. Kazi ya Bi Sensa ilikuwa kuwafikia watu kama hao. Fundi alimshika mkono akampitisha mlango kwa mlango. "Msiogope, huyu ni wangu."

Mama yake, mwenye mguu mbovu, ndiye pekee aliyeuliza. "Mwanangu, haya mnayoandika yanaishia wapi?"

"Ni siri, mama. Sheria inayalinda," alijibu Bi Sensa.

Mama alimtazama mwanawe, mwanawe akaitikia kwa kichwa. Yakaisha.

Kweli sheria ililinda fomu za makarani. Haikulinda orodha aliyoiandaa Bi Sensa mwenyewe ili makarani wasimruke mtu: kila mlango, idadi ya watu, saa wanayopatikana, na maelezo kidogo. "Mlango wa mwisho: mama ana mguu mbovu, gonga kwa nguvu, usiondoke." Aliyaandika kwa mapenzi matupu.

Jengo zima lilihesabiwa. Mkuu wake alimsifu mbele ya ofisi nzima, na wiki iliyofuata akamwambia, "Ile orodha yako safi sana. Kuna idara nyingine inaiomba." Bi Sensa aliituma kabla chai yake haijapoa.

Wakaguzi wa majengo walikuja saa kumi na moja jioni, saa ileile iliyoandikwa kwenye orodha. Mlango wa mwisho waligonga kwa nguvu. Mama alipokawia, mmoja alisoma karatasini akamwambia mwenzake, "Usiondoke, yumo ndani. Ni mguu tu." Fundi alikuwa nyuma yao na mkate mkononi. Aliisoma karatasi yote juu ya bega la mkaguzi. Wakazi wote walipewa siku mbili wahame.

Bi Sensa alipiga simu mpaka vidole vikamuuma. Siku ya tatu ikapokelewa.

"Usinipigie."

"Fundi wangu, nisikilize..."

"Fundi wa nani? Mama yangu kashushwa ngazi mgongoni mwa mtu, nguo zake ziko kwenye ndoo, watu wanatazama! Usinipigie."

Alilia chooni kazini, maji ya bomba yakimwagika ili wenzake wasimsikie.

Ilipita miezi miwili. Halmashauri ikaitisha kikao cha kueleza yale waliyojifunza katika uhamasishaji, na msomaji wa taarifa akawa Bi Sensa. Alisimama kwenye ujia nje ya ukumbi na karatasi zake, gauni la kijani likimning'inia kwa alivyopungua. Fundi akatokea, shati limepigwa pasi.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe."

"Mama hajambo. Tumehamia kwa dada yangu, mji mwingine." Akamsogelea. "Nimechoka kujifanya nimekusahau. Nimemwambia mama. Kasema, kamuulize kama alijua. Kama hakujua, mlete, nimwone mkwe wangu."

Bi Sensa alizikumbatia karatasi zake.

"Ulijua?"

Neno moja tu, jamani. Sikujua. Mimi ningelisema, na wewe pia ungelisema.

"Sikujua kama ni wakaguzi."

Uso wa Fundi ukachangamka. "Nilisema! Nilimwambia mama..."

"Subiri, roho yangu. Nilijua kuna idara inaitaka. Sikuuliza ni idara gani." Akamtazama usoni. "Na swali lilinijia, Fundi. Nikaona nikiuliza nitaharibu zile sifa. Nikaituma."

"Ungesema tu hukujua. Ningekuamini."

"Najua. Mama yako aliniuliza mara moja nikamjibu haraka haraka. Siwezi kumfanyia hivyo tena."

Fundi alimshika shavu kwa kile kiganja chake kigumu, akambusu kwenye paji la uso. Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nakupenda. Sasa mama nitamwambia nini?"

"Mwambie nilijua."

Fundi alishuka ngazi bila kugeuka. Bi Sensa alisikiliza hatua zake mpaka zikaisha, akajifuta macho kwa mkono, akaingia ukumbini. Mkuu wake alikuwa amemwandalia mafanikio kumi ya kusoma. Aliyaweka mezani bila kuyasoma.

"Jambo la kwanza tulilojifunza," alisema, "ni kwamba ile orodha niliiandika mimi, na niliituma mimi."

Mkuu wake akaanza kukohoa. Yeye akaendelea kusema.