Kidole Gumba Kisichoacha Alama

Droo ya chumba cha eksirei ilikuwa wazi, na bahasha saba za picha za mikono hazimo.

Mpimaji alama za vidole alipaka poda kwenye kishikio chake akapata vidole vinne vya mkono wa kulia. Kidole gumba hakikuwapo.

"Nani hufungua droo bila gumba?" Inspekta aliuliza.

"Anayeumwa nalo," alijibu daktari wa picha, binti aliyekuwa anaolewa Jumamosi na bado yuko kazini. "Kano za kitako cha gumba zikichanika, mfupa unateleza. Kubana kitu huwezi."

Daktari jana alikuwa likizo. Picha zilimsubiri yeye azisome. Inspekta akamgeukia aliyezipiga. Huyo akakumbuka mfupa mmoja tu uliohama, wa mama mmoja mwenye vipande vya uzi mweupe kwenye sweta. Mama alitulia vizuri mpaka aliposikia picha itasomwa na nani.

Inspekta alimtazama daktari. "Gauni lako la harusi anashona nani?"

Daktari alikaa chini. "Mama."

Za mwizi ni arobaini, lakini huyu alifikiwa siku ya kwanza, kabla ya chai ya saa nne. Inspekta na daktari walimkuta nyumbani anashona, sindano kaibana kwa kidole cha shahada na cha kati. Bahasha zote zilikuwa chini ya kitambaa.

"Nilizichukua asubuhi, mhudumu akipiga deki."

"Mbona saba?"

"Ningechukua moja, mngejua ni yangu."

"Na kwa nini uichukue?"

"Huyu angeiona angenifunga plasta ngumu, nisishone tena. Mwanangu ni mmoja, afande. Avae gauni la dukani?"

Inspekta, naye mzazi, alimwelewa, ila alikasirika. Akamwambia kuna wagonjwa sita wanaosubiri majibu huku wanaumia. Mama aliinamisha kichwa, akaomba radhi kwa dhati. Bahasha sita zilirudi hospitali kabla ya adhuhuri, na hospitali ikafuta malalamiko.

Daktari alibaki na ya mama yake, akaiinua dirishani.

"Kano zenyewe hazionekani hapa," alisema. "Mfupa uliohama ndio unaozisema." Alitaka kugomba, akajikuta anacheka huku analia. Akalifunga gumba la mama yake kwa bandeji, taratibu.

Vilibaki vifungo kumi na viwili. Bibi harusi alichukua sindano, akashona cha kwanza mwenyewe, ulimi nje. Mama aliinama, akakikagua kwa furaha isiyofichika.

"Fumua," alisema.