Mlango Uliofungwa Mchana

Twiga hakuwa hata amemaliza kupiga mswaki pale bombani, tayari Mama Cherehani alishamkagua kuanzia utosini hadi unyayoni.

"We Twiga, hilo gauni limekuwa fupi tena! Unakula mbolea?"

"Shikamoo, Mama Cherehani."

"Marahaba. Hebu geuka nione nyuma."

Akageuka. Angefanya nini? Vyumba vya nyumba ile ya wapangaji vilitazamana, katikati ua mmoja, na cherehani ya yule mama ilikaa mlangoni pake, mkabala kabisa na chumba cha akina Twiga. Anayetoka alionekana. Anayeingia alionekana. Aliyejikalia ndani naye alionekana, maana mlango haukufungwa mchana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya uani. Mlango ukifungwa mchana, basi kuna ugonjwa, msiba au ugomvi, na watu wote walikuja kuangalia ni kipi kati ya hivyo. Tena waliingia moja kwa moja. Hodi ya nini, na mlango uko wazi?

Jina la Twiga alipewa na Fundi Viatu, mzee aliyeshonea viatu pembeni mwa lango, mwaka ule msichana huyu aliporefuka mpaka kichwa kikagusa kamba ya kuanikia nguo. Jina lilimkaa, naye hakulichukia. Alichokichukia ni macho. Juzi tu alicheza kidogo mbele ya kioo, akidhani yuko peke yake. Mama yake aliporudi kazini, neno la kwanza lilikuwa, "Nasikia siku hizi umekuwa mcheza dansi." Ua mzima ukaangua kicheko. Aliyepeleka habari ni Redio, jirani wa rika lake, msichana ambaye siri ikimwingia tumboni lazima aitapike.

"Mama, hapa ni jela," Twiga alilalamika asubuhi ile. "Hata nikipiga chafya, wa chumba cha mwisho ananiambia pole."

"Basi mwitikie," mama alisema huku akifunga kitambaa kichwani. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate, na Jumamosi kwake ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. "Mimi nashinda kwenye moto, mwanangu. Hao ndio macho yangu. Chemsha maharage mapema. Na Bonge asichezee maji."

Bonge alikuwa mdogo wake, mtoto wa mashavu, hajaanza hata shule. Mama akambusu, akatoka.

Twiga alibaki amesimama katikati ya chumba. Mbele yake mlango wazi, na ng'ambo ya mlango Mama Cherehani akitia uzi kwenye sindano, jicho moja kwenye uzi na jingine kwake. Leo, alijiambia, leo nitakaa peke yangu, liwalo na liwe.

Kulipokaribia adhuhuri alilivuta jiko la mkaa ndani, likiwa bado na makaa ya chai. Akamvalisha Bonge viatu, akafunga mlango kwa kufuli, akapita uani akitembea kama mtu mwenye haraka.

"Safari ya wapi?" aliuliza Mama Cherehani.

"Kwa mama mdogo. Tutarudi jioni."

"Na ufunguo?"

Desturi ya pale, anayetoka huacha ufunguo kwa jirani.

"Leo nitakwenda nao," alijibu Twiga bila kumtazama usoni.

Hakwenda kokote. Alijibanza na Bonge nyuma ya nyumba, mbali na macho ya Fundi Viatu, mpaka upepo wa mvua ulipovuma na watu wakakimbilia ndani kuokoa vitu vyao. Hapo akarudi mbio, akafungua, akaliacha kufuli likining'inia kwenye pete yake, akaingia na kusukuma komeo kwa ndani.

Lo, utamu ulioje! Hakuna jicho. Akachochea makaa, akaongeza mkaa mwingine, akabandika maharage. Ili harufu isimsaliti, alifunga dirisha, kisha akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga kuukuu. Akapaka rangi ya mdomo ya mama. Akacheza mbele ya kioo hadi akachoka. Bonge alimpigia makofi, halafu akajilaza kitandani, akasinzia.

Mvua ikashuka. Mabati yakapiga kelele hadi maharage hayakusikika yakichemka. Mara sauti ya Redio ikaja nje: "Twiga! Twiga, nguo zenu zinalowa!"

Twiga akaziba mdomo asicheke. Redio akagonga, akangoja kidogo, kisha akatangaza kwa ua mzima, "Hawapo! Wako kwa mama yao mdogo!"

Umenoa leo, Redio, alijisemea Twiga. Lakini kichwa kilikuwa kinamgonga. Itakuwa njaa, aliwaza. Akainuka kukoroga chungu, chumba kikazunguka. Akashika ukuta. Moyo ulimwenda mbio na kichefuchefu kikampanda, na ghafla akaogopa, akaogopa hasa.

"Bonge. Bonge, amka."

Bonge hakuamka. Alimtikisa bega, kichwa cha mtoto kikalala upande kama kitambaa kilicholowa.

Alitaka kumbeba, mikono ikakataa. Alitaka kukimbia, magoti yakakunjika. Akatambaa hadi mlangoni, akalifikia komeo, lile lile alilolisukuma kwa furaha, na vidole havikuwa na nguvu hata ya kulivuta. "Mama Cherehani!" aliita. Sauti ilitoka nyembamba, mvua ikaimeza. Hapo ndipo alipoelewa. Hakuna ambaye angekuja. Kila mtu alijua yuko kwa mama mdogo, na aliyewaambia hivyo ni yeye mwenyewe. Aliyekuwa akiuita ua jela sasa alikuwa kwenye jela kweli, na ameingia na mdogo wake. Akagonga mlango kwa kiganja, akagonga tena, kisha mkono ukaanguka.

Uani, Mama Cherehani alikuwa ameanua nguo za akina Twiga pamoja na zake, kwa sababu mvua ikinyesha pale, aliyepo huanua za wote. Alizikumbatia akavuka ua, akilalamika peke yake: "Watoto wa siku hizi, wanaanika halafu haoo, wameondoka..." Alitaka kuzitundika kwenye msumari wa mlango. Akasita. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi. Akausukuma mlango. Haukwenda.

"Jamani! Umefungwa kwa ndani!" Nguo zikaanguka kwenye matope. "Twiga! We Twiga! Fundi, njoo na nyundo! Njoo upesi!"

Fundi Viatu alikuja akichechemea, nyundo mkononi. Pigo moja, mawili, pete za komeo zikang'oka. Joto zito likawapiga usoni. Mama Cherehani alimburuta Twiga hadi nje, naye mzee akambeba Bonge na kumlaza barazani kwenye hewa. Redio alisimama mvuani akilia kwa sauti, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kutangaza.

"Bonge," Twiga alinong'ona. "Bonge yuko wapi?"

Mzee alikuwa akimpepea mtoto kwa kofia yake. Kisha mtoto akakohoa, akatapika, akaanza kulia, na kilio kile kikawatoa watu wazima machozi.

Kwenye zahanati walikokimbizwa, waliwekewa hewa ya kuwasaidia kupumua. "Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu," muuguzi alimweleza mama, aliyefika na unga bado mikononi. "Huioni, huinusi. Inakulaza, basi. Wangechelewa kidogo tu..."

Jioni Twiga alieleza yote uani, kichwa chini, bila kuficha hata ile rangi ya mdomo.

"Habari ya moto wa mkaa sitaisema, kwa sababu moto wenyewe umeshakufundisha," mama alisema. "Nitakalosema ni kuhusu ule uongo wako. Majirani hawa wangeweza kukutafuta popote, mwanangu. Ila uliwapa njia isiyo yako, wakakuamini. Anayedanganya watu wanaomlinda anajifungia peke yake."

Twiga akalia. Mama Cherehani akajikohoza.

"Na sisi tuna letu," alisema. "Mtoto anakua, jamani, tunaona gauni linafupika, hatuoni kwamba naye anataka faragha yake. Kulinda si kuvamia. Sasa sikilizeni: mlango usifungwe, lakini na sisi tupige hodi, tungoje tuitikiwe. Redio, umesikia?"

"Nimesikia," alisema Redio. "Niwatangazie?"

Watu wakacheka, hata Twiga.

Wiki iliyofuata, kwenye mlango wa akina Twiga lilining'inia pazia jipya la maua, refu hadi chini, limeshonwa kwa cherehani ya ng'ambo ya ua. Jiko lilikaa nje barazani. Twiga alikuwa ndani mbele ya kioo, akicheza, aliposikia nyayo zikija na kusimama.

"Hodi!" aliita Mama Cherehani, akangoja.

Twiga akaacha kucheza. Kisha akalifungua pazia mwenyewe.

"Karibu," alisema. "Karibu ndani."